Foleni ya Ndugu wa Nereida

Xiomara alikuwa anapanga mabalungi kwenye makasha pale kiwandani, msimamizi alipomwambia kuna mtu getini. Alikuwa doña Eduviges, mama yake Nereida, amevaa gauni la kanisani siku ya Jumanne. Miaka minne hajakanyaga nyumbani kwa hao wawili, tangu binti yake huyo alipofunga ndoa na Xiomara kwenye ofisi ya wilaya.

“Uhamiaji wamemkamata Nereida,” alisema. “Jana, kituo cha basi. Wanaruhusu ndugu tu kumwona, na mimi unajua sina makaratasi.”

“Sasa mimi?”

“Wewe umezaliwa huku Texas. Sema wewe ni dada yake.” Hakumtazama usoni. “Nakuomba. Wasije wakamtesa bure.”

Wakaenda kwa gari la mama. Njia nzima mama aliomba kwa sauti ya chini, akitaja majina ya watu wote wa nyumbani. La Xiomara hakulitaja. Akaegesha kwenye kituo cha mafuta, ng'ambo ya uzio wa jela alimofungiwa Nereida.

“Sisogei zaidi ya hapa. Nenda.”

Ndani, Xiomara aliacha simu kwenye kabati la wageni, akapewa fomu. Penye “uhusiano” kalamu ilisita. Akaandika: mke.

Karani akasoma, akacheka puani. “Cheti?”

Akakitoa mkobani. Karani akakigeuza mbele na nyuma.

“Hii nakala.”

“Si nakala. Muhuri huo hapo.”

“Kaa pale. Utaitwa.”

Waliokuja nyuma yake wakaitwa: dada mtu, shangazi mtu, mzee mmoja na wajukuu wake. Mlango ulikuwa unafungwa saa tisa. Zilipobaki dakika ishirini, karani akapaza sauti.

“Mke! Chumba cha pili. Anakusubiri.”

Xiomara alipoinuka, aliona kupitia kioo gari la doria likiingia kituo cha mafuta, taratibu, likasimama nyuma ya gari la mama.

“Unaingia au huingii?” karani akauliza. “Ukitoka leo hurudi.”

Akautazama mlango wa chumba cha pili. Kisha akatoka mbio.

Askari alikuwa ameinama dirishani. Mikono ya doña Eduviges ilikuwa juu ya usukani.

“Afande, huyu yuko na mimi,” Xiomara alisema akihema.

“Wewe ni nani wake?”

Kabla hajajibu, mama akasema kwa ile sauti yake ya kuimbia kanisani, “Mkwe wangu. Wameoana na binti yangu.”

Askari akawatazama wote wawili. Akafungua mlango wa gari.

“Wewe simama pembeni. Mama, shuka. Vitambulisho.”

Doña Eduviges alifungua mkanda polepole, akamkabidhi Xiomara mkoba na funguo za nyumba.

“Umemwona mwanangu?”

“Nimemwona, Mama,” Xiomara alisema. “Anakusalimia.”