Ngumi Kwenye Kona ya Kijito

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema, maana watu wa hapa Tamarack wakisikia mwanamke amejaribu pikipiki za theluji za kiwanda kwa miaka thelathini na moja, wanadhani moyo wake ni wa chuma. Wangu ni wa maji matupu. Nimedumu kwenye kazi hii kwa sababu ya woga wenyewe. Kila asubuhi nakagua skii za mbele, nakagua mkanda unaoisukuma kwenye theluji, nakagua breki, nakagua kamba ya kuzimia injini, halafu naanza upya kama vile sijagusa kitu. Mume wangu, Orrin, hukaa juu ya pikipiki yake na kikombe cha kahawa akinichokoza.

"Theluji umeshaihesabu, Marlys? Isije ikawa imepungua."

"Wewe kunywa kahawa yako ufunge mdomo."

Kazi yetu haina maajabu. Kiwanda kinaunda pikipiki mpya, na kabla hazijaenda dukani tunapewa sisi tukaziendeshe msituni, maili mia mbili kwa siku, mpaka kitu kikatike. Kikishakatika tunajaza fomu. Delmar, msimamizi wetu, ana fomu ya kurasa nne lakini anasoma mistari miwili tu. Wa kwanza umeandikwa: Sehemu iliyoshindwa. Chini yake: Je, imerekebishwa? Hayo mengine hata yeye hajui yanamsaidia nani.

Miaka yote hiyo tulikuwa wawili, Orrin mbele, mimi nyuma. Na njia zetu za msituni ni nyembamba, kona zimejificha kwenye misonobari, kwa hiyo wapanda pikipiki wana lugha yao ya mkono. Ukikutana na watu, wewe wa mbele unanyanyua mkono wa kushoto na kuonyesha vidole. Kila kidole ni pikipiki moja inayokuja nyuma yako. Anayekufuata anapunguza kidole kimoja. Wa mwisho kabisa anakunja ngumi, na ngumi maana yake ni kwamba nyuma yangu hakuna mtu, njia ni yako. Huku kwetu watu wanaiamini ngumi kuliko wanavyomwamini mtabiri wa hali ya hewa. Mtu akishaiona anakaa katikati ya njia, anapiga resi, hana habari.

Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kwa miaka thelathini na moja. Nimekunja ngumi mara nyingi kuliko nilivyomkumbatia Orrin, na yeye analijua hilo.

Majira haya ya baridi binti yetu, Solveig, akaongezwa kwenye kundi. Ana miaka ishirini na sita na anashindana kwenye barafu ya ziwa tangu akiwa na kumi na sita. Delmar alikuwa amempa pikipiki mpya, nyeusi, nyepesi kupita kiasi kwa maoni yangu, ashindane nayo Jumamosi ya pili ya Februari. Kabla ya hapo ilibidi tuijaribu pamoja njiani. Tangu siku nilipoambiwa, usingizi uliota mbawa. Nikifumba macho naiona pikipiki ile ikipanda juu ya mwanangu.

Nilitaka akae katikati yetu. Akakataa.

"Mama, nahitaji nafasi. Natakiwa nibaki nyuma kisha niifungulie mafuta, nione inavyoshika njia. Nikikaa katikati nitaijaribu vipi, nikiwa nimekubana mgongoni?"

"Nibane tu. Mgongo ni wangu."

"Delmar amesema nikae nyuma."

Delmar akajifanya anatafuta kalamu. Basi, akakaa nyuma.

Siku hiyo, Jumanne, ilikuwa nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri na jua kali la saa nne asubuhi. Kabla hatujaondoka nilimwendea Solveig. Kamba ya kuzimia injini ni kikamba chekundu, upande mmoja kimechomekwa kwenye pikipiki, upande wa pili kinafungwa kwenye koti lako. Ukirushwa, kinachomoka na injini inakufa palepale. Vijana hawapendi kukifunga, wanakizungushia kwenye usukani.

"Umekifunga?"

"Nimekifunga."

"Nionyeshe."

"Mama, nina miaka ishirini na sita."

"Na mifupa mia mbili na sita. Nionyeshe."

Akafungua koti akanionyesha. Nikakivuta. Nikakivuta tena. Orrin akacheka huko mbele, Solveig naye akacheka, na mimi nikavaa helmeti yangu nikiwa nimewanunia wote wawili.

Maili arobaini za kwanza sikufurahia hata moja. Kila kona niliigeuzia shingo. Nikiiona taa yake nashusha pumzi, ikipotea kwenye vumbi la theluji napunguza mwendo. Alikuwa anafanya alivyosema, anabaki nyuma mpaka simwoni, halafu namsikia anakuja kwa kishindo, halafu anabaki tena. Nilijiambia, Marlys, acha, mtoto anajua kazi. Nilijiambia hivyo mara nyingi sana.

Baada ya maili ya arobaini njia inashuka kwenye kijito, inapinda kwa nguvu kuelekea kulia, kisha inanyooka. Orrin alipita kona, nami nikapita. Solveig alikuwa nyuma, simwoni, simsikii. Tulipoingia pale njia iliponyooka, taa mbili zikatokea mbele yetu. Wanaume wawili, wa kwanza amevaa suti ya kijani. Orrin akanyanyua vidole viwili. Yule wa kijani akaonyesha kidole kimoja, mwenzake akakunja ngumi. Tukapishana vizuri, tukapeana ishara ya kichwa kama watu wastaarabu, wakaenda zao kuelekea kwenye kona.

Nikaushusha mkono wangu wa kushoto kwenye breki, ukakataa kushika. Nikautazama. Vidole vilikuwa vimekunjwa.

Sikuelewa mara moja. Nilikaa nautazama mkono ule kama si wangu, na pikipiki inaendelea kutembea. Kisha nikaelewa. Nilikuwa nimekunja ngumi. Nimewaambia watu wale hakuna mtu nyuma yangu.

Nikashika breki na kupiga kelele ndani ya helmeti, jambo lisilomsaidia yeyote. Orrin alikuwa ameshaenda, hakusikia chochote. Nikajaribu kugeuza. Njia ile haina upana wa kugeuza, skii zikaingia kwenye theluji laini ya pembeni na pikipiki ikazama mpaka tumboni. Nikarudi nyuma, ikachimba zaidi. Nikashuka, nikaikumbatia skii nikanyanyua, mgongo ukalia, nikanyanyua tena. Nilikuwa nasema jina lake tu, Solveig, Solveig, kama mwehu.

Ndipo nikasikia. Injini moja ikapanda sauti ghafla, ikapiga ukelele, halafu kishindo kwenye miti. Halafu kimya.

Katika kazi hii nimeogopa kelele za kila aina, lakini kimya sikuwahi kukiogopa mpaka siku ile. Niliiacha pikipiki nikakimbia. Kukimbia na viatu vile si kukimbia, ni kuanguka na kuinuka. Sijui ilinichukua dakika ngapi. Nilichokuwa nafikiria njia nzima ni kwamba nitakuta suti yake ya bluu kwenye theluji na haitajongea, na kwamba nitajua ni nani aliyefanya.

Yule wa kijani alikuwa amesimama katikati ya kona, mikono juu ya helmeti. Pikipiki yake ilikuwa imechomekwa kwenye ukingo wa kulia. Mwenzake alikuwa anapiga simu. Upande wa pili, alama ya mkanda ilitoka njiani, ikapita katikati ya misonobari miwili, ikateremka kijitoni.

"Nilimwona wakati ameshafika," yule mtu akasema. "Alinikwepa. Amenikwepa mimi."

Nikateremka, theluji ikinifika kiunoni. Pikipiki nyeusi ilikuwa imelala kichwa chini, mkanda wake juu. Mguu mmoja wa bluu ulionekana chini ya kiti. Sikuweza kusogea tena.

"Mama," ikasema theluji. "Usipite hapo, kuna maji chini ya barafu. Zunguka."

Nilizunguka. Sikuwahi kumtii mtu upesi vile. Alikuwa hai, uso mweupe kama karatasi, paja limepinda mahali ambapo paja halipindi. Kikamba chekundu kilikuwa kinaning'inia kwenye koti lake, kimechomoka. Injini ilikuwa imekufa, la sivyo ule mkanda wa chuma na mpira ungeendelea kuzunguka juu yake. Nilikishika kile kikamba na sikukiachia mpaka waokoaji walipokuja.

Orrin alirudi akiwa amepagawa. Alipomwona mtoto, akamgeukia yule wa kijani, aliyekuwa ameteremka na blanketi la kumfunika.

"Wewe huna macho? Nilikuonyesha vidole viwili. Viwili!"

Yule mtu, jina lake Wendell, alikuwa wa makamo kama sisi, na ndevu zake zilikuwa zimeganda. Akanitazama mimi, si Orrin.

"Niliona viwili, mzee. Lakini dada alikunja ngumi. Nikadhani wewe ndiye uliyekosea hesabu." "Au niliona vibaya? Dada, niambie kama niliona vibaya."

Hapo ndipo penye aibu yangu. Nilifungua mdomo, nikamwona Orrin ananitazama, nikamwona Solveig amefumba macho kwa maumivu, nikaogopa. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kwenye ile theluji. Nikainama nikajifanya narekebisha blanketi.

"Umeona vibaya," Orrin akasema kwa niaba yangu. "Amefanya kazi hii miaka thelathini na moja."

"Basi samahani, mzee," Wendell akasema. "Samahanini sana. Nimeona vibaya."

Alirudia hivyo mara tatu. Akasaidia kumbeba mtoto hadi juu, akatufuata mpaka hospitali, na hakuna aliyemwomba aje.

Walimpeleka Solveig chumba cha upasuaji kumwekea chuma kwenye paja. Daktari akasema atatembea, ila mashindano asahau hadi mwakani, na mwakani wataona. Orrin akaenda kuongea na dada yake kwenye simu. Nilikaa peke yangu na koti la mtoto magotini, na mkono wangu wa kushoto niliuweka chini ya paja langu kwa sababu sikutaka kuuona.

Delmar alikuja akihema, na fomu mkononi. Yeye ni mtu mwema, lakini kiwanda ndicho kinachompa mshahara.

"Pole, Marlys. Najua si wakati wake. Ila mafundi wanataka kujua kabla hatujaiuza hata moja. Ni usukani? Skii? Nilisema mimi ule usukani ni mwepesi mno."

"Nipe kalamu."

Nikaandika tarehe, maili, baridi. Kwenye Sehemu iliyoshindwa nikasita. Ningeweza kuandika usukani na hakuna ambaye angebisha. Wangeufungua, wangeupima mwezi mzima, na Wendell angerudi nyumbani akiwa amekubali kwamba macho yake yalimvunja mtoto wa watu. Nikaandika: Mkono wa kushoto wa Marlys Tveit. Ulikunja ngumi wakati kulikuwa na mtu nyuma.

Sikumpa Delmar. Nilitoka nayo hadi kwenye ukumbi, ambako Wendell alikuwa amekaa na suti yake ya kijani, theluji imeyeyuka ikawa dimbwi chini ya viti, kikombe cha kahawa hakijaguswa. Orrin alikuwa dirishani na simu yake. Nikampa Wendell ile fomu. Alisoma taratibu, akarudia kusoma, kisha akafunika uso kwa mikono na mabega yakaanza kumtikisika. Orrin akaja akaiokota karatasi sakafuni. Aliisoma akiwa amesimama, akaketi.

"Ulikuwa unajua kule kijitoni?" akaniuliza.

"Nilijua."

Alihama kiti akaenda kukaa karibu na Wendell, si karibu nami, na sikumlaumu.

Jioni Solveig alipozinduka nilimweleza kila kitu, nikilia, na kamasi zinanitoka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa bado amelewa dawa.

"Ile kamba, Mama," akasema. "Uliivuta mara mbili."

"Mara tatu. Ya tatu hukuiona."

Akaunyoosha mkono wake akautafuta ule wangu wa kushoto, akaukuta umekunjwa. Akaanza kuvifungua vidole, kimoja kimoja.

Delmar alikuwa amesimama mlangoni, fomu mkononi, anaona haya.

"Marlys, mstari wa pili hujaujaza, ule wa kama imerekebishwa."

"Najua," nikamwambia. "Uache hivyo hivyo."