Maranda ya Mgololo

Ini la panya liliwaka kwenye skrini kama mteremko wa mlima Loleza mwezi wa Septemba, watu wanapochoma nyasi. Kila moto ulikuwa mtoto wa saratani: seli tulizompandikiza kwenye wengu, zimetiwa mwanga wa kimulimuli ili kamera izione, zikasafiri mpaka kwenye ini. Panya huyo alikuwa amepewa dawa wiki tatu. Aliwaka sawasawa na yule ambaye hakupewa.

"Dawa imeshindwa," alisema Daktari Severina. Ijumaa wakubwa wangekuja kukifunga chumba chetu cha utafiti hapo Iyunga.

Mimi nilikuwa mtunza panya, elimu yangu darasa la saba, mdomo wangu unajulikana jengo zima. Miaka miwili nilipiga kelele mwongozo wa kutunza wanyama uandikwe kwa Kiswahili. Walicheka. "Sedekia, panya hawasomi." Ukabaki kabatini na Kiingereza chake.

Basi, kabla dawa haijaanza kutolewa, magunzi ya mahindi ya kusaga tuliyowatandikia yalipokwisha, sikumwuliza mtu. Nilileta magunia ya maranda ya msonobari kutoka kwetu Mgololo. Nilipofungua la kwanza, nikamwona baba akirudi kazini, koti limejaa vumbi la mbao, mama akimkung'uta mlangoni: "Leo umetuletea mti mzima!" Nikawatandikia panya utoto wangu.

Alhamisi niliutoa ule mwongozo kabatini, nikausoma na kamusi mkononi. Ukurasa wa arobaini: msonobari marufuku. Harufu yake hulichochea ini, likaivunjavunja dawa kabla haijafanya kazi.

Ningenyamaza, lawama ingebaki kwa dawa. Nikaenda kwa Daktari Severina.

"Yale maranda ni yangu, dada."

Alinitazama. "Wewe unayehoji kila kitu, hili hukuuliza?"

"Na ninyi mliosoma, hamkunusa?"

Alicheka, kisha akalia. Naye ni wa Iringa, mkoa wetu wa misonobari. Kumbe kila asubuhi alisimama pale mlangoni akiivuta ile harufu, asiulize imetoka wapi.

Ijumaa aliwaomba wakubwa aanze upya. Walikubali, kwa sharti mimi niondoke. Hasira ninayo mpaka leo. Mwongozo wenyewe hawajautafsiri.

Miezi minne baadaye nilikuwa soko la Soweto, si mbali na Iyunga, napanga mafungu ya viazi, simu ikalia. Picha: ini jeusi, nukta mbili tu za mwanga. Chini yake Severina ameandika, "Tunatandika magunzi. Humu hamnuki kitu."