Silinda ya Tatu

Siku niliyofunga virago, pikapu yetu ilikataa kwenda.

Sisemi iligoma kabisa. Iliwaka, ila iliwaka kwa kukohoa, ikatikisika pale uani kama mgonjwa wa homa. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuja asubuhi hiyo kunihamisha, alikanyaga mafuta, ikajikaza kidogo, kisha ikarudia kukohoa. Yeye ni dereva wa malori, magari hayamtishi. Alitoa kichwa dirishani akaniambia inamisi, yaani silinda moja haichomi mafuta na zile tatu zinambeba mwenzao, na kwa hali hiyo haiwezi kupanda mlima wa kwenda kwa dada yetu na mzigo wote ule mgongoni.

Mzigo ulikuwa cherehani yangu ya miguu, meza ya kukatia, marobota ya vitambaa vya wateja na sanduku la nguo. Tulikuwa tumeshaufunga kwa kamba. Nilikuwa nahamia kwa dada, na sikumwambia mtu kwamba sirudi, ingawa aliyeona cherehani juu ya gari aliweza kujijazia mwenyewe. Mtu anayekwenda kusalimia habebi cherehani.

Cha kuchekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka, ni kwamba mume wangu ni fundi wa magari. Tena si fundi wa kubahatisha. Watu wanamwita Sikio. Zamani gari likipita barabarani, yeye yuko mezani anakula, atakwambia lina ubovu gani kabla halijakata kona. Nilijivunia sana jina hilo. Niliolewa nalo, naweza kusema. Na sasa fundi huyo alikuwa anaendesha pikapu inayokohoa hivyo, wala hana habari nayo, kama alivyokuwa hana habari nami.

Maana hilo ndilo lililonifungisha virago. Mume wangu hakunipiga wala hakutafuta mwanamke mwingine. Alininyamazia. Ilianza taratibu. Namwita yuko uani, haitiki. Nasema jambo nikiwa nimeinamia cherehani, najibiwa na kimya. Redio yake aliyokuwa haachani nayo aliigawa. Akafunga gereji, akadai kazi haziji na yeye amechoka. Wenzake wakija kupiga soga, anajifanya amelala. Na tukikaa kula ananikodolea macho mdomoni mpaka tonge linanikwama, nikawa najiona nimekuwa kinyaa ndani ya nyumba yangu. Nilimuuliza kwa upole, nikamuuliza kwa ukali. Siku moja nikiwa jikoni, nimempa mgongo kwa sababu sikutaka aone machozi, nilimuuliza kama bado ananitaka au hanitaki. Maji yakachemka sufuriani, yakaanza kukauka, sikusikia neno. Aliyejibiwa hivyo abaki anangoja nini?

Basi mdogo wangu alifungua boneti, na Sikio akatoka ndani. Hakuuliza mzigo unakwenda wapi. Aliutazama, akautazama tena, akaenda kuchukua spana ya plagi na lile koleo lake lililoviringishwa raba kwenye mipini. Nikasema moyoni, tazama alivyo na haraka ya kuniondoa.

Kazi yenyewe niliijua, nimeiona uani kwetu tangu nilipoolewa. Gari linawashwa, fundi anachomoa waya wa plagi mmoja baada ya mwingine, anasikiliza. Akichomoa wa silinda nzima, injini inashuka sauti na kutaka kuzimika, maana umeinyang'anya mfanyakazi. Akichomoa wa silinda mbovu, hakibadiliki kitu, kwa sababu huyo alikuwa hafanyi kazi toka mwanzo. Hapo ndipo penye ugonjwa. Hakuhitaji chombo kingine zaidi ya masikio.

Alichomoa wa kwanza. Injini ikashuka, mdogo wangu akaidaka kwa mafuta. Akaurudisha, akachomoa wa pili, ikashuka vilevile. Akachomoa wa tatu. Injini iliendelea na kikohozi chake kilekile, hakikuzidi wala hakikupungua. Mimi ni mshona nguo na nilisikia. Nikangoja aseme amempata mgonjwa, kama alivyozoea kusema huku anachekelea. Akaurudisha waya, akachomoa wa nne, akabaki ameinama, kiganja amekiweka juu ya bodi. Ile bodi hutetemeka hata gari likiwa zima kabisa, haiwezi kumwambia mtu kitu. Halafu akaashiria injini izimwe, akaanza kufungua plagi ya pili.

Nilikuwa nyuma yake, karibu kabisa. Nikamwambia ni ya tatu. Hakugeuka. Aliitoa ile plagi nzima, akaisugua kwa msasa, akaipuliza, akairudisha, akaashiria injini iwashwe. Kikohozi kilekile. Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyemaliza kazi.

Hapo nilipandwa na hasira. Niliona anataka niondoke hata kwa gari bovu, nikakwame mlimani mbele za watu, ilimradi nimtoke machoni. Maneno yakanitoka. Sitayasema yote. Nilimwambia hana utu, nilimwambia maisha yangu nimeyatupa jalalani, na nilimtaja mtoto wetu wa kwanza, tuliyemzika akiwa mdogo, kwamba afadhali hakukua akamwona baba wa namna hii. Nilimwambia hayo mgongoni, mchana kweupe, mdogo wangu anasikia. Mgongo ule haukushtuka. Mwenye mgongo akaendelea kukaza waya.

Mdogo wangu aliona aibu. Nadhani alitaka tu kuninyamazisha, akabonyeza honi.

Honi ya pikapu ile imefungwa mbele, ubavuni mwa rejeta, na ni kali kuliko gari lenyewe. Kichwa cha mume wangu kilikuwa ndani ya boneti, shubiri moja kutoka hapo. Mimi niliruka. Jirani alichungulia juu ya ukuta. Sikio hakupepesa hata jicho. Alichukua kitambaa, akaanza kufuta mikono, kidole kimoja kimoja.

Mdogo wangu alinitazama. Nikamtazama. Akabonyeza tena, safari hii akaishikilia, na mume wangu akaendelea kufuta vidole.

Niliegemea gari. Redio, gereji, wenzake aliowakimbia, vyote vilinijia kwa mpigo. Na yale macho mezani. Hakuwa anatazama tonge langu. Alikuwa anasoma midomo.

Nilizunguka nikasimama mbele yake. Aliona uso wangu, akaona mkono wa shemeji yake juu ya honi, akajua. Nilimuuliza ni tangu lini. Hakunijibu mpaka mdogo wangu, ambaye ana akili zake, alipozima gari na kusema anakwenda dukani kutafuta plagi mpya.

"La kushoto lilianza," mume wangu akasema, kwa sauti ya juu kuliko ilivyotakiwa. "Nikasema si kitu, ninalo jingine. Halafu na lenyewe likafuata."

"Na hukuniambia."

"Watu wananiita Sikio, mama. Ningewaambia nini?"

"Mimi si watu," nikasema. "Mimi ni mkeo."

Aliinamisha kichwa. Alinieleza kwamba alikwenda kwa daktari peke yake, akaambiwa ni kelele za nyundo na injini za miaka yote ile, na kilichokufa hakirudi. Aliniona nikifunga vitambaa tangu juzi, akadhani nimeshagundua na sitaki kuzeeka na kiziwi. Aliona ni haki yangu. Kwa hiyo hakuuliza, akachukua koleo ili angalau nisiharibikiwe njiani.

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga kwa spana, na sijui hadi leo lipi lilikuwa kubwa zaidi. Nililia usiku kucha mara ngapi, naye yuko pembeni yangu kitandani, analinda jina! Alikuwa radhi nimwache kuliko niujue udhaifu wake. Mtu wa namna hiyo unamsameheje?

Kisha akaniuliza nilikuwa nasema nini pale nyuma yake. Alikuwa ameuona uso wa mdogo wangu kupitia kioo, akaona umebadilika.

"Nilikuwa nasema ni silinda ya tatu," nikamjibu.

Alinitazama midomo muda mrefu, kisha akashukuru. Alinishukuru kabisa, kwa neno, na nikatamani ardhi inimeze.

Mdogo wangu aliporudi, mume wangu alifungua plagi ya tatu. Ilitoka nyeusi, imelowa petroli. Akaweka mpya, akakaza, akarudisha waya. Gari likawashwa. Injini ilishika mara moja, ikatulia, ikaenda mfululizo kama cherehani iliyotoka kutiwa mafuta. Sikumbuki lini mara ya mwisho niliisikia ikienda vizuri hivyo. Mdogo wangu aliweka mkono kwenye gia, akaninyanyulia nyusi, kuuliza kama tunaondoka.

Sikuwa na kisingizio tena. Mzigo umefungwa, gari limepona, dada ananisubiri.

Mume wangu aliinamisha kichwa upande, kuielekea injini, kwa mazoea tu. Halafu akajikumbuka. Akainuka, akanigeukia, akaitazama midomo yangu.

"Bado inamisi?" akauliza.

Nilikuwa sijawahi kumsikia akimuuliza mtu swali hilo. Maisha yake yote, watu ndio waliomuuliza yeye. Na nilijua nikisema imepona, atafunga boneti, atampa shemeji yake mkono, na geti atanifungulia mwenyewe bila kunizuia. Hasira zangu zilikuwa palepale, hazijapungua hata kidogo. Lakini mtu huyu alikuwa amesimama mbele yangu, spana mkononi, akingoja mimi nimwambie ulimwengu unasikikaje.

"Bado," nikasema, polepole, nikiliunda neno vizuri ili alisome. "Inamisi sana."

Mdogo wangu alizima gari. Mume wangu alivuta pumzi, akainama kutafuta ugonjwa ambao haukuwepo. Nami nikazunguka nyuma ya pikapu, nikaanza kufungua kamba.