Bomba la Jacob

Wachagga wa mjini wanaporudi Desemba hudhani sisi tuliobaki huku Machame huanza kuwasubiri tarehe ishirini. Si kweli. Tunaanza kuwasubiri siku ileile wanapoondoka, mwezi wa kwanza, vumbi la magari yao likiwa bado kwenye migomba. Mimi nilimsubiri mwanangu Jacob namna hiyo kwa miaka kumi na minne, na kusubiri huko ndiko kulikonifanya niharibu gari lake.

Naitwa Ebenezeri. Nilikuwa dereva, na fundi pia, wa Landrova ya chama cha kahawa kwa miaka thelathini na mmoja. Landrova ile ilikuwa na kelele kiasi kwamba nikifika darajani kule bondeni, Mama Jacob alishanisikia na kuweka sufuria motoni. Kutoka darajani hadi getini kwetu ni robo saa ya mlima na mawe. Jacob akiwa mdogo alikuwa anaacha kila kitu na kukimbilia barabarani. Basi mimi nimezoea hivyo: mtu anayerudi nyumbani lazima asikike.

Baadaye wanunuzi binafsi wakaja, chama kikadhoofika, Landrova ikauzwa, nami nikabaki na kihamba changu cha migomba, ng'ombe wawili na sanduku la spana. Jacob alikuwa Dar, na huko magari ya Japani yalikuwa yanashushwa kama mvua. Desemba ya mwaka elfu mbili akaja na Corolla nyeupe, yeye na mkewe Flavia na binti yao Viki. Nilikuwa nawakatia ng'ombe majani. Nikasikia mtu ananivuta koti, nageuka, namkuta Viki amesimama nyuma yangu: "Shikamoo babu." Gari limeshaegeshwa uani na mimi sikusikia hata mlio! Kila mtu alifurahi. Mimi nilifurahi pia, lakini moyoni niliona nimeibiwa robo saa yangu.

Siku chache baadaye ekzosi ikapasuka kwa mawe ya barabara yetu. Jacob akaniomba nichomelee palipopasuka, kisha wakaenda Marangu kwa wakwe kwa usafiri wa shemeji yake. Kuchomelea ilikuwa kazi ya dakika ishirini. Lakini nilipolala chini ya lile gari nikapata wazo, na wazo la mzee mwenye muda ni hatari. Nikakata bomba lote kuanzia karibu na injini. Lile sega la ndani linalochuja moshi nikalitupa. Nikaweka bomba nene la lori, limenyooka mpaka nyuma.

Kwenye bomba la zamani palikuwa na kidude kama plagi, chenye waya zake. Bomba langu halikuwa na tundu la kukichomeka, na sikuona sababu ya kutoboa. Nikakichomoa, nikafunga waya kwa mpira wa tairi, nikakitia kwenye kopo la nati. Fundi hatupi kitu.

Jacob alipowasha gari, kuku walipanda paani. Kwenye dashibodi ikawaka taa ya njano yenye picha ya injini.

"Baba, hii taa vipi?"

"Taa ni taa. Bandika plasta, haitakusumbua macho."

"Na hizi kelele?"

"Bomba nene linapumua vizuri. Utaona litakavyopanda mlima."

Nilimdanganya. Sikujali lilivyopanda mlima. Nilitaka mwakani nimsikie akiwa bado darajani, basi.

Walipoondoka nilisimama barabarani nikasikiliza lile gari likishuka hadi bondeni, likavuka daraja, likaendelea kusikika muda mrefu baada ya hapo. Nikalia kidogo, na nikaona nimefanya kazi nzuri.

Halikufika Dar. Huko Hedaru, kwenye jua lile la tambarare, likaanza kutoa moshi mweusi na kukosa nguvu, likamaliza petroli ambayo ingewafikisha Chalinze, plagi zikajaa masizi, likazima. Walikaa kando ya barabara toka asubuhi hadi jioni. Viki alitapika mpaka akaishiwa. Siku ya tatu nikaitwa kwenye simu ya ofisi ya usharika.

"Baba, umeniharibia gari," Jacob akasema. "Mtoto nusura anifie njiani. Haya si mambo ya Landrova. Kama hujui, si useme hujui?"

Mchungaji alikuwa amekaa pale, na karani wake. Mimi, fundi, naambiwa sijui! Hasira hasara, nayajua maneno hayo tangu utoto, lakini siku ile hayakunisaidia.

"Basi usilirudishe hilo bati lako kihambani kwangu," nikamwambia. "Na wewe kama unaona baba yako mjinga, baki huko huko." Nikakata simu.

Jacob ni mtoto mtii. Alibaki huko huko.

Mwaka mzima nilinuna. Desemba ikafika, magari yakapanda, watoto wa watu wakajaa kanisani. Tulichinja mbuzi, na Mama Jacob akatenga nyama ya Jacob kama kawaida. Ilikaa mpaka ikatupwa. Kila gari lililosikika bondeni nilisimama. Lile bomba nililiunda mwenyewe, mlio wake ningeutambua hata ndotoni, na haukuja. Mama Jacob hakunilaumu hata kwa neno moja. Afadhali angenilaumu.

Baada ya mwaka mpya nikachukua lile kopo la nati nikashuka Moshi, kwa fundi mmoja wa Majengo anayesifika kwa magari haya mapya. Anaitwa Alawi, ni mdogo kuliko Jacob.

"Shikamoo mzee. Karibu."

"Marahaba." Nikamwekea kidude mezani. "Hiki ni nini?"

Akakigeuza. "Sensa ya oksijeni hii. Umeitoa wapi?"

Nikamweleza yote, hata plasta. Hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu mpaka kufa.

"Mzee wangu, hii ndiyo pua ya gari," akasema. "Inanusa moshi unaotoka, inaiambia injini ipunguze mafuta au iongeze. Ukiitoa, injini hainusi kitu. Inamwaga petroli kwa kubahatisha tu, huku inaamini inafanya vizuri. Ile taa ilikuwa inakuomba urudishe pua."

Akaipima kwa mita yake, akasema bado nzima. Niliona aibu, na zaidi ya aibu nilikuwa na hamu na mwanangu, nilitamani hata kumsikia akinigombeza tena.

Kwetu aliyekosa hufunga fundo kwenye jani la isale, mmea tunaoupanda mipakani, akampa mtu amfikishie aliyekosewa. Ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe. Lakini isale hutoka kwa mtoto kwenda kwa baba. Sijapata kuona baba akimpelekea mwanawe. Nilikata jani mpakani mwa kihamba, nikalifunga fundo, nikalizungushia sensa, nikampelekea jirani yangu Eliezeri aliyekuwa anasafiri kwenda Dar.

"Meku," akasema, maana huku mzee tunamwita hivyo, "isale kwa Jacob? Dunia imegeuka."

"Igeuke. Wewe fikisha."

Nikaandika na barua. Nilimweleza Jacob sensa inapokaa, karibu na injini, na kwamba arudishe bomba jembamba na sega. Halafu nikaandika neno ambalo sijawahi kumwambia mtu: "Sikutaka gari lako liwe na nguvu. Nilitaka nikusikie ukiwa bado darajani, nisiwe nakusubiri kwa macho tu. Nisamehe. Rudi kimya kimya, rudi hata kwa miguu."

Eliezeri alirudi akasema amekabidhi, na Jacob amelipokea jani. Februari ikapita, Machi ikapita. Pasaka nayo ikapita.

Ikawa Jumatano ya katikati ya masika, siku ambayo hakuna Mchagga wa Dar anayekumbuka njia ya nyumbani. Matope mpaka magotini. Nilikuwa zizini, Mama Jacob anamenya ndizi kibarazani. Bondeni ikalia honi.

Ililia tena, ndefu, haiachiwi. Mbwa wakabweka kijiji kizima. Eliezeri akatokeza kwenye uzio akauliza kama kuna bibi harusi analetwa. Nikatega sikio. Honi iliponyamaza kidogo, sikusikia injini kabisa, wala bomba. Kisha honi ikaanza tena, ikiwa imeshavuka daraja, inapanda.

Nikageuza ndoo ya maziwa, nikakaa juu yake nikisikiliza. Nilikuwa na robo saa nzima.

Nilipoinua macho, Mama Jacob alikuwa ameshaweka sufuria motoni.