Theluji Mlangoni kwa Khelef

Bahiya alikuwa keshamlisha baba yake uji, keshamfuta mdomo na kumweka vizuri kwenye mito, ndipo simu ikalia. Hakuwa na haja ya kutazama nani. Kila Jumapili alasiri, wakati kule Kanada ndiyo kwanza kunakucha, mdogo wake Khelef hupiga simu ya video kumjulia hali mzee.

Mzee Zahran alipigwa na kiharusi mwaka juzi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakamkimbia. Yaliyobaki yalitoka vipande vipande, hata jina la binti yake likawa "Baya", na Bahiya alishazoea kuitwa hivyo. Waliishi wawili tu, ghorofani, mtaa wa Kiponda, katika nyumba aliyozaliwa mzee mwenyewe. Khelef alikuwa hajakanyaga nyumba hiyo tangu kabla ya maradhi hayo.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Nisamehe, leo nnazungumza huku nnafanya kazi. Nikichelewa kuifungua njia, kazini siendi."

Alikuwa ameiegemeza simu kwenye usukani wa trekta lake dogo, na nyuma yake kulikuwa kweupe kutupu. Theluji ilianguka usiku kucha mpaka ikafika nusu ya mlango. Khelef na mkewe Arwa walikaa shamba, mbali na mji, na huko kila mtu hujisafishia njia yake mpaka barabarani. Trekta lilikuwa na bamba la chuma mbele, na kwa hilo alishaisukuma theluji ya uwanjani ikawa vilima huku na huku. Lakini kando ya mlango trekta halifiki. Hapo alitumia mashine nyingine, ya kusukuma kwa mikono, yenye mapanga yanayozunguka mdomoni: yanaila theluji, na bomba linaitema mbali.

Siku nyingine Bahiya hufurahi kuitazama ile mashine ikitema, na mzee hucheka kwa nusu ya mdomo. Leo hakuwa na hamu nayo. Alihama na simu mpaka dirishani, baba yake asisikie.

"Tiketi ushakata?"

Khelef alijifanya anakaza glavu. "Shaabani hii itakuwa vigumu, Dada. Ruhusa hawajanipa."

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo."

"Nnajua."

"Hujui! Mlango ukigongwa tu, anageuza shingo. Anadhani ni wewe. Mimi ndiye nnayemwambia siye. Mimi ndiye nnayemgeuza, nnayemkosha, nnayemdanganya. Wewe unaweza kuhamisha mlima wa theluji, kupanda ndege ndiyo kunakushinda?"

Khelef aliiendea mashine, akaiwasha, akaanza kuisukuma kuelekea mlangoni. Theluji ilikuwa nzito, ya majimaji. Haukupita muda bomba likaziba na mashine ikakoroma. Akaizima, akainama.

"Nnasema na wewe, Khelef! Usinipe mgongo!"

Alimwona akipiga goti, akatia mkono kwenye mdomo wa mashine kuikwangua theluji iliyoganda. Injini ilikuwa imezimwa, lakini mapanga yalikuwa bado yamejikaza. Theluji ilipoachia, yaliruka.

Sauti iliyotoka ilikuwa fupi, kama ya mtu aliyekatwa pumzi. Kisha Khelef akalala ubavu, mkono mmoja umo ndani ya chuma, na weupe pembeni yake ukaanza kuingia wekundu.

"Khelef! Khelef, toa mkono!"

"Hautoki." Alisema polepole, kama anayeshangaa. "Umebanwa, Dada. Hautoki."

"Arwa yuko wapi?"

"Zamu. Tangu jana."

Arwa alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, na akiwa zamu simu yake huifungia kabatini. Bahiya aliinyakua simu ndogo ya baba yake akampigia. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena. Huku, kwenye kioo, Khelef alijaribu kujivuta akalia, kisha akatulia. Simu yake ilikuwa juu ya trekta, hatua chache tu kutoka alipolala, na hakuweza kuifikia. Jirani wa karibu hakuonekana. Nani atamsikia katika jangwa lile?

"Baridi," alisema. "Nnasikia usingizi."

Hapo Bahiya aliogopa kuliko alivyoogopa damu. Nani atamsaidia? Akamkumbuka Nassra wa chini, mpokea wageni katika hoteli moja Shangani, anayezungumza Kiingereza na kupiga simu za nje kila siku. Lakini akienda kwa Nassra, nani atabaki na Khelef? Akiichukua simu, mtandao ngazini hukatika.

Aligeuka. Mzee Zahran alikuwa akimtazama. Alikuwa amesikia yote.

Bahiya alimwekea simu kifuani, akaiegemeza kwenye mto. "Baba, Khelef kaumia. Asilale. Mwite, Baba. Usimwachie alale." Akatoka mbio bila ya viatu.

Nassra alimfungulia mlango na unga mikononi. Hakuuliza mengi. "Anafanya kazi wapi huyo Arwa? Jina la mahali?" Bahiya hakulijua. Alijua tu picha aliyotumiwa, Arwa kavaa sare, na maandishi yameshonwa kifuani. Wakaitafuta picha hiyo kwenye simu ya Nassra, ambaye Bahiya alimrushia siku ile, wakaikuza, Nassra akayasoma, akatafuta nambari mtandaoni, akapiga. Alizungumza Kiingereza cha hotelini, cha upole, mpaka aliyepokea alipomwambia asubiri. Hapo akapiga ukelele: "Hakuna kusubiri! Mumewe anakufa!"

Arwa akaletwa. Bahiya alimweleza kwa maneno ambayo baadaye hakuyakumbuka hata moja.

"Nishafahamu," Arwa alisema, na sauti yake ikawa kavu ghafla. "Nnaita gari la wagonjwa. Lakini barabara yetu haijafunguliwa. Ngoja nimpigie mzee wa shamba la pili, ana trekta kubwa." Akakata.

Bahiya alipanda ngazi akishika ukuta. Kabla hajafika juu aliisikia sauti ya baba yake, nzito na mbovu, lakini kubwa, kubwa kuliko alivyowahi kuisikia tangu maradhi.

"Lef!"

Kimya. Kisha kutoka kwenye simu, kwa mbali: "Naam, Baba."

"Lef!"

"Naam."

Mate yalikuwa yakimtiririka mzee kidevuni, na mshipa wa shingo umemsimama. Bahiya hakuthubutu kumfuta. Aliketi kando yake, akaishika simu wima, na mzee akaendelea. Kila Khelef alipochelewa kuitika, mzee aliita kwa hasira, kama zamani alipokuwa akimwita barazani arudi nyumbani kabla ya magharibi. Na kila mara jibu lilikuja dogo zaidi.

"Lef! Lef!"

Hakuitika. Bahiya akapiga ukelele pamoja na baba yake, mpaka Nassra naye akaja na kusimama mlangoni. Midomo ya Khelef ikatikisika; sauti haikuja. Halafu kikasikika kishindo cha injini kutoka mbali, kikikaribia, na nyuma ya vilima vya theluji ikaonekana taa ya manjano inayozunguka. Trekta kubwa lilikuwa linakuja likiirusha theluji pande zote mbili, na nyuma yake, polepole, gari jeupe.

Kioo kikawa cheusi. Baridi ilikuwa imemaliza chaji ya simu ya Khelef.

Adhana ya magharibi ikaadhiniwa, Bahiya akasali bila ya kujua alichosoma. Arwa hakupiga mpaka baada ya isha. Khelef alikuwa hai. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vimekwenda.

Baada ya siku kadhaa alipiga mwenyewe, kitandani hospitali, mkono umefungwa ukawa mkubwa kama nazi. Bahiya alikuwa amepanga maneno. Yote yakamtoka.

"Mimi ndiye niliyekughasi. Ningekaa kimya usingetia mkono."

"Ningetia. Nshatia mara nyingi, Dada. Kila likiziba. Arwa kanikanya mpaka kachoka." Akageuza uso. "Na ruhusa sikuomba. Si mwaka huu, si mwaka jana. Nnaogopa kumwona vile. Kwenye simu nnaweza kuzima."

Bahiya alihisi hasira ikimpanda upya, palepale juu ya huruma, na hakuweza kuitenga moja na nyingine. "Hata mimi nnaogopa," alisema. "Mimi sina pa kuzima."

Khelef hakusema atakuja, na Bahiya hakumuuliza. Waliagana vibaya.

Alikuja kabla ya Shaabani, peke yake, mkono umo mfukoni. Mlango ulipogongwa mzee akageuza shingo kama kawaida yake. Bahiya safari hii hakumwambia siye. Khelef alisimama kizingitini muda mrefu, rangi imemtoka, mpaka baba yake akamwita. Akaitika, akaingia, akaketi pembeni mwa kitanda, na hakujua ashike wapi.

Asubuhi ya pili Bahiya alimwonesha namna ya kumgeuza mzee, wapi pa kumshika, maji yawe moto kiasi gani. Khelef alilidondosha beseni la maji. Kwa mkono wa kushoto aliikamua taulo vibaya, maji yakamwagika godoroni, na mzee akaguna. Bahiya aliinyoosha mikono kuchukua kazi yake, kisha akairudisha.

Alivaa buibui akenda zake Chukwani kwa mama yake mdogo. Huko alilazwa kwenye chumba chenye upepo, akaambiwa apumzike. Alilala macho wazi, simu mkononi, akijiuliza kama yale maji hayakuwa baridi.