Saa ya Kula

Mkono wa kulia wa Mama Pacha ulikuwa umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Aliuegemeza juu ya meza ya meneja, kwa sababu akiuning'iniza ulipwita mpaka meno yakamuuma. Meneja alisogeza kikombe chake cha chai mbali kidogo na mkono ule.

"Pole sana, mama. Haya, tueleze. Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Kwenye rola, bosi. Nalisha mashuka."

"Saa ngapi?"

"Saa ya kula."

Meneja akamtazama msimamizi aliyesimama mlangoni, na msimamizi akatazama viatu vyake.

Sasa hapo ndipo penye kisa. Kile kilikuwa kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali, na watu walilipwa kwa saa. Sheria ilisema kila mfanyakazi apumzike mchana apate kula, na saa hiyo haina malipo. Sheria nzuri, nani atabisha? Kengele ikilia mnapanga foleni, mnagonga kadi kwenye mashine ya mlangoni kwamba mmetoka. Ila rola ya kupigia pasi haizimwi, maana ikipoa kuipasha tena ni kazi, na mashuka ya hospitali hayajui kusubiri. Basi mkishagonga kadi mnageuka hapo hapo, mnarudi kwenye mashine na tonge shavuni. Hakuna aliyewahi kuwaamrisha. Msimamizi hupita tu akisema, "Wenye njaa wakale, wenye shida na kazi nawaona." Na aliyekwenda kuketi akala, wiki iliyofuata hakupangiwa zamu.

Jana Mama Pacha alikuwa anatafuna huku amelishika shuka kwa mkono mmoja. Shuka likajikunja, akalifuata kulinyoosha, na rola ikamchukua vidole. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa upande wa pili wa mashine hiyo hiyo. Ndiye aliyebonyeza kitufe chekundu, ndiye aliyemvuta.

Daktari hakumung'unya maneno: akipasuliwa mapema vidole vitapona, akichelewa vitakatwa. Upasuaji utalipwa na bima ya kiwanda, mradi iwe aliumia kazini. Na Mama Pacha alikuwa mtu wa mikono tu. Hakusoma, hana shamba, ana pacha wawili ambao bado hawajui kufunga vifungo vya shati. Ndiyo maana alipanda ngazi mpaka ofisini na homa yake.

"Kadi yako inasema ulikuwa umetoka," meneja alisema taratibu. "Kazini hukuwepo, mama. Bima haimjui mtu aliyekwenda kula."

"Sasa bosi, nilikuwa nakula ndani ya rola?"

Msimamizi nusura acheke, akakohoa.

"Hapo unajipalia makaa," meneja alisema. "Mapumziko ni ya lazima. Kama kweli uligusa mashine saa hiyo, umevunja sheria, na mimi nitakufukuza. Sema mwenyewe. Ulikuwa unakula, au ulikuwa unavunja sheria?"

Mama Pacha akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea mlangoni.

"Muulizeni wifi yangu. Yeye ndiye aliyenitoa."

Wifi akaitwa. Aliingia akijifuta mikono kwenye aproni, na hakukaa ingawa kiti kilikuwapo. Tangu msiba walikuwa wakilala chumba kimoja na kupika sufuria moja. Asubuhi ile wifi ndiye aliyemvisha nguo na kumchana nywele, huku akimtania, "Jikaze kisabuni wifi, leo nakupamba kama bibi harusi."

"Jana saa ya kula," meneja alimwuliza, "nyinyi wawili mlikuwa kwenye mashine?"

Akisema ndiyo, na yeye kavunja sheria, na nyumba nzima itabaki bila mshahara hata mmoja. Wifi akautazama ule mkono juu ya meza. Kisha akatazama dirishani.

"Tulikuwa tunakula."

"Na mwenzako aliumia vipi?"

"Sijui. Nilikuwa nimempa mgongo."

"Wifi," Mama Pacha aliita kwa sauti ndogo. "Wifi yangu, si wewe uliyenishika pale?"

"Watoto watataka chakula jioni, wifi," alijibu bila kugeuka.

Meneja alijifanya hakusikia.

Uchungu uliompata Mama Pacha haukuwa wa mkono tena. Alitaka kumchukia wifi yake akashindwa, na hilo ndilo lililomtoa machozi. Angesimama yeye pale mbele ya meza, angesema hivyo hivyo.

Kengele ya mchana ikalia. Wifi akatoka haraka kwenda kugonga kadi. Mlinzi akaambiwa amsindikize Mama Pacha mpaka getini, na njia ya getini ilipita katikati ya kiwanda.

Mvuke ulikuwa umetanda na rola inazunguka. Wanawake walikuwa wameinama kila mmoja kwenye mashine yake, mashavu yanatafuna. Mahali pa Mama Pacha palikuwa tayari na mwanamke mgeni, na wifi alikuwa akimwonyesha namna ya kulishika shuka kwenye ncha. Mama Pacha akasimama. Alitaka kumwambia yule mgeni kwamba shuka likijikunja asilifuate, aliache liende.

"Mtoe huyo haraka," msimamizi alimfokea mlinzi, akipaza sauti juu ya kelele za mashine. "Saa ya kula hii. Hatakiwi kuwamo mtu humu ndani."