Shahidi wa Gemu la Kamba

Kila Desemba, kabla Sila hajafunga banda lake la gemu kwenda kupanda uwele kijijini kwao, Kwa Mtoro, sisi wateja wake wa kudumu hutaja magemu matatu tuliyoyapenda zaidi mwaka huo. Orodha naiandika mimi. Nina mwandiko mzuri, na aliyeshika kalamu haombwi kuongea sana.

Sharti ni moja. Mwaka juzi mtu mmoja alitaja gemu ambalo alikuwa ameliona kwenye simu tu, na Sila, ambaye hapendi kudanganywa, akatoa sheria: gemu lazima liwe na shahidi, mtu aliyekuona kwa macho yake ukilimaliza. Uliyecheza naye hawezi kukushuhudia.

"Hata ndoa haifungwi bila mashahidi," alisema. "Sembuse gemu."

Mwaka huu Fahadi alikuja na Anifa.

Nilizoea Fahadi aje peke yake, akae kushoto kwangu bila hata kuangalia kama pana nafasi. Nafasi ilikuwepo siku zote, nilikuwa namwekea. Safari hii alikaa benchi la mbele, na Anifa ubavuni mwake. Anifa alihamia hapa Kondoa mwezi wa tano kutoka Babati, anauza duka la dawa. Alivaa mtandio wa zambarau. Niliutafutia kasoro ule mtandio, nikaikosa, nikazidi kuumia.

"Wifi, hujambo?" akanigeukia akitabasamu.

Wifi. Dada wa mume. Nilimtazama Fahadi amsahihishe. Alikuwa anafuta matope kwenye kiatu.

"Sijambo," nikajibu.

"Haya, Fahadi, tutajie," Sila akasema. "Na usituletee la mpira. Kila ukifungwa unasema pedi ya kuchezea mbovu."

"Pedi zako mbovu kweli! Haya. La tatu, mbio za malori. La pili, lile la jikoni, nililocheza na Shamila."

La pili. Tulilicheza Agosti, nilipomaliza chuo Dodoma nikarudi nyumbani. Yeye anakata vitunguu, mimi napakua, pilau linaungua kwenye skrini, na sisi tunagombana kama watu wenye nyumba yao. Tangu siku ile nilikuwa naliona liko juu ya orodha, kwa mwandiko wangu.

"La kwanza," akasema, "Gemu la Kamba."

Nalijua. Watu wawili wamefungwa kamba moja kiunoni, wanapanda mlima. Mmoja akiteleza, anamvuta mwenzake. Alilicheza na Anifa.

"Shahidi?" Sila akauliza. "Siku hiyo mimi nilikuwa nimefuata mafuta ya jenereta."

"Shamila alikuwepo. Alikaa pale nyuma, anachaji simu."

Nilikuwepo. Simu ilikuwa imejaa muda mrefu. Niliwaona wakifika kileleni. Nilimwona Anifa akitupa pedi na kumshika Fahadi mkono, nikamwona Fahadi asivyoutoa.

"Tushuhudie, wifi," Anifa akasema.

"Sikuona. Nilikuwa naangalia simu."

Sila akasonya. "Basi halipo. Sheria ni sheria."

Nilidhani Fahadi atabisha. Akainua mabega tu. "Kama Shamila anasema hakuona, basi hakuona. Huyu hajawahi kusema uongo. La jikoni lipande, liwe la kwanza."

Nikaliandika juu kabisa. Herufi zilitoka zimepinda kama za mtoto wa chekechea.

"Na hilo la jikoni lina shahidi?" Sila akauliza.

"Mimi hapa!" Anifa akanyoosha mkono. "Nilikuwa napita, nikachungulia. Wifi anacheka mpaka machozi yanamtoka. Nikasema, jamani, kaka na dada wanapendana hivi?"

Hakuwa na kinyongo hata chembe. Angekuwa nacho, ningenyamaza.

"Mimi si wifi yako," nikasema.

Sila, aliyekuwa anachomoa nyaya, akaacha.

"Fahadi si kaka yangu. Hatuna baba mmoja wala mama mmoja."

Anifa akamgeukia. "Wewe si uliniambia ni dada yako?"

"Tumekua mtaa mmoja, Anifa. Ni kama dada."

Anifa akanitazama upya, taratibu: uso, mikono, kalamu. Tangu tujuane alikuwa ananitazama kama mtu wa ukweni. Sasa tabasamu likamfutika usoni, nikajua ameniona kuwa mwanamke.

"Kumbe uliona," akasema.

Fahadi alikuwa bado ananikodolea macho, anasubiri nikatae.

"Niliona," nikasema. "Mwanzo mpaka kileleni."

Nikakata jina la gemu letu kwa mstari mmoja, na juu yake nikaandika la kwao.